Mita Iseme Kiswahili Kabla Miwani Haijafika

Kabla ya Novemba 24, 2024, kila mwenye mita ya LUKU, yaani mita ya umeme ya malipo ya kabla, nchini Tanzania alitakiwa kuiingizia tarakimu 60. Ukinunua umeme uliletewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuiboresha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Yaliingizwa kwa mpangilio, na ukikosea tarakimu katikati unalirudia fungu zima. Siku hiyo ikipita hujafanya hivyo, mita isingepokea tena umeme utakaonunua.

Sababu yake ilikuwa mbali sana na kwetu Singida. Mita za malipo ya kabla katika sehemu kubwa ya dunia hufuata kanuni moja ya kutengeneza tokeni, yaani tarakimu hizo za umeme, na kanuni hiyo huhesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kuhifadhi hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Ikijaa, hesabu inarudi sifuri, na mita inaiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Kwa hiyo mamilioni ya mita, kuanzia Afrika Kusini hadi kwetu, yalibidi yaamriwe kuanza hesabu upya, na amri hiyo ilipita kwenye vidole vya wenye nyumba. Kijana mwenye simu janja aliimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Mzee asiyeona vizuri, mwenye simu ya kitochi, ambaye meseji yake ya tokeni imekatika katikati na kuendelea kwenye ukurasa wa pili, alihitaji mtu wa kumsomea na mtu wa kumbonyezea.

Nimeanza na mita makusudi. Ukitaja vitu vya nyumbani vilivyounganishwa na mtandao, wengi hudhani ni habari za friji za Ulaya zinazojiagizia maziwa. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, lakini ukishatoka kwenye maduka na majabali ya mjini unaingia nchi ya alizeti, mtama, ng'ombe na kuku wa kienyeji. Katika nchi kama hiyo vitu vya namna hii vimeshaingia na watu wanaishi navyo: mita ya umeme, mtambo wa sola unaolipiwa kidogo kidogo kwa simu, mashine ya kutotolesha vifaranga yenye kompyuta ndogo ubavuni, pampu ya kisima yenye kisanduku cha taa nyekundu na kijani. Kila kimoja kina kioo chake kidogo, vitufe vyake na vifupisho vyake vya Kiingereza. Kila kimoja kimekuja na tabia za kiwanda kilichokiunda, na anayepaswa kujifunza upya ni mwenye nyumba.

Hapo ndipo miwani janja inapoingia. Wazo ni hili: unavaa miwani yenye kamera ndogo kwenye fremu, maikrofoni, spika karibu na sikio, na kwa zile za bei ya juu, kioo kinachoandika maneno mbele ya jicho. Unakitazama kitu. Miwani inakitambua, inawasiliana nacho kwa Bluetooth au kupitia mtandao wa simu, kisha inakuletea machoni mambo ambayo kitu hicho kinaweza kuyafanya. Ukitazama mita, unaona uniti zilizobaki. Ukitazama pampu, unaona imefanya kazi kwa saa ngapi na kwa nini imezima. Unasema neno au unasogeza kidole, nayo inatii. Vitufe vyote vya nyumba vinahamia kwenye macho yako.

Wazo hili lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza Marekani kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta juu ya vitu halisi. Kilikuwa kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kwenye dari. Mwaka 1992 Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walieleza namna mafundi wa ndege wangeweza kuona njia ya kila waya mbele ya macho yao badala ya kurudi kwenye makaratasi kila mara. Google walileta Glass mwaka 2013 kwa dola 1,500, watu wakaichukia kwa sababu ya kamera yake, na Januari 2015 wakaacha kuwauzia wananchi wa kawaida. Kisha Meta, kwa kushirikiana na watengenezaji wa Ray-Ban, walitoa mwaka 2023 miwani inayofanana na miwani yoyote ya jua kwa dola 299, na Septemba 2025 wakatangaza yenye kioo cha maandishi kwa dola 799, pamoja na mkanda wa mkononi unaosoma ishara za misuli ili kidole kikisogea kidogo tu, miwani ielewe. Dola 299 kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi 700,000. Mkulima wa Unyambwa hawezi kuinunua leo, na sitaki kupoteza nafasi kujifanya anaweza. Lakini simu ya mkononi nayo ilianza hivyo, na tulipoanza kuizungumzia ilikuwa imeshafika mifukoni mwetu na masharti yake yameshaandikwa na wengine.

Kati ya majaribio yote, linalonivutia zaidi lilifanyika kwenye maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 2013 hadi 2015, likiongozwa na Valentin Heun. Lilitumia kamera ya simu au tableti, lakini wazo ni lile lile la miwani. Unaielekeza kamera kwenye taa, vitufe vya taa vinajitokeza juu ya picha yake. Unaielekeza kwenye redio, hivyo hivyo. Halafu unachora mstari kwa kidole kutoka kitasa cha redio hadi kwenye taa, na tangu hapo kitasa kile kinapunguza mwanga wa taa. Jambo la maana zaidi halikuonekana kwenye picha: kila kitu kilibeba seva yake chenyewe. Amri ilitoka mkononi ikaenda kwenye kitu kilichopo chumbani, bila kupita kwenye kompyuta ya kampuni ng'ambo ya bahari. Mwenye chumba ndiye aliyeamua kipi kimsikilize nani.

Vitu vilivyotufikia sisi havikujengwa hivyo.

Chukua sola ya kulipia kwa simu. Biashara hiyo ilikulia Afrika Mashariki kuliko mahali pengi duniani: M-KOPA Kenya, Off Grid Electric na Mobisol hapa nchini, Arusha. Unapewa paneli, betri, taa, redio, wakati mwingine televisheni. Ndani ya kisanduku kuna kifaa kinachojua kama umelipa. Ukilipa kwa simu, taa zinawaka, ukichelewa, zinazimwa. Sikatai kwamba mpango huo uliwatoa wengi kwenye vibatari, na mtoto aliyesoma usiku kwa mwanga safi amefaidika kweli. Lakini mwaka 2019 Mobisol, kampuni iliyozaliwa Berlin, ilifilisika, na kampuni ya Ufaransa ya Engie ikainunua. Familia iliyokuwa katikati ya marejesho ilijikuta taa zake zimebadili mmiliki bila kusogea ukutani. Nani angefungua kifaa kile kama asingepatikana mnunuzi? Mwenye nyumba hakuwa na kitufe cha kukifungulia.

LUKU yenyewe ilitupa somo hilo Mei 2021, mfumo wa kuuza umeme ulipokwama kwa siku kadhaa nchi nzima. Mitambo ya kufua umeme ilikuwa inazunguka, nyaya zilikuwa nzima, fedha za wateja zilikuwepo. Kilichokosekana ni namba za kuiambia mita kwamba mtu huyu amelipa. Watu walikaa gizani chini ya nguzo zenye umeme. Serikali ilichukua hatua dhidi ya wasimamizi wa mfumo, na ilikuwa haki yake, ila mjadala uliishia kwenye majina ya watu. Sikumsikia aliyeuliza kwa sauti kwa nini mita haikupewa akiba ya dharura, kwamba mteja mwenye historia nzuri apate uniti kadhaa mawasiliano yakikatika na azilipe baadaye. Kitaalamu ni jambo jepesi. Halikuwekwa kwa sababu walioandika masharti ya mita waliifikiria kama mlinzi wa fedha, na kwa muuzaji wa umeme hiyo ni kazi ya kweli. Ila mita imefungwa ukutani kwa mtu, na mtu huyo hakuwa na la kusema.

Kuna mfano mwingine, mkoa jirani wa Manyara. Wilayani Babati kampuni ya Uingereza ya eWATERpay ilifunga mabomba ya maji ambayo mtu hugusisha kifaa kidogo chenye salio, valvu inafunguka, anachota anachokihitaji, salio linapungua. Bomba hutuma taarifa kwa mtandao wa simu: limetoa lita ngapi, limepokea kiasi gani. Aliyekulia kijijini anajua kwa nini jambo hili lina thamani. Miradi mingi ya maji ilikufa kwa sababu fedha za ndoo ziliishia mifukoni na pampu ikiharibika hakuna cha kununulia spea. Bomba linalojitolea hesabu lenyewe linaua ugomvi mwingi. Lakini hesabu hiyo anaisoma nani? Kwenye kompyuta ya msimamizi kuna picha kamili ya kisima, saa kwa saa. Kwa mama aliyesimama na ndoo kuna maji au hakuna maji, na maji yasipotoka hajui kama ni salio, betri, valvu au kisima kimekauka.

Hapo miwani, au simu tu iliyoelekezwa kwenye bomba, ingekuwa na kazi ya heshima. Analitazama bomba na kuambiwa: salio lako lipo, tatizo ni betri, fundi ameshajulishwa jana saa kumi. Kwetu Singida ningeongeza jambo moja. Maji ya chini ya ardhi ya mkoa huu yana madini ya floridi, na meno ya kahawia ya watoto wetu yanaeleza hivyo bila kipimo chochote. Kiwango cha floridi hupimwa maabara, ripoti huandikwa, na ripoti hukaa ofisini. Kisima hakina namna ya kumweleza anayekitumia. Ningependa siku moja mtu akikitazama kisima cha Unyambwa aone tarehe kilipopimwa mara ya mwisho na majibu yalisemaje, kwa maneno ya kawaida. Hilo halihitaji hata kipimo cha kielektroniki. Linahitaji kibandiko cha msimbo wa mraba (QR) ambao kila simu janja inausoma, na mtu wa kuweka majibu mahali yanapofikika.

Sasa nije kwenye kuku, maana Singida bila kuku haijaelezwa. Kuku wetu wa kienyeji wanajulikana hadi Dar es Salaam. Wanasafirishwa kwenye matenga na wanatafutwa kwa ladha yao. Wafugaji, wengi wao akina mama na vijana, wameanza kutumia mashine za kutotolesha. Nyingine zinaagizwa, nyingine mafundi wa hapa hapa wanaziunda kwa mbao na kuzifunga kontrola iliyotoka China. Kontrola hiyo ni kioo cha tarakimu mbili tatu, joto na unyevu, na vitufe vinne. Joto linatakiwa likae karibu na nyuzi 37.5. Mayai yanageuzwa mara kwa mara hadi siku ya 18, kisha yanaachwa na unyevu unaongezwa, na siku ya 21 vifaranga wanatoboa. Joto likipanda kwa saa chache tu kijusi kinakufa ndani ya ganda, na usipoyapima mayai kwa mwanga hutajua mpaka siku ya kutoboa ifike usikie ukimya.

Mtu aliyeweka mayai ya majirani kwenye mashine hiyo amebeba dhamana. Kontrola ikianza kupiga kelele na kuonyesha herufi mbili ambazo kijitabu chake kinazieleza kwa Kichina na Kiingereza kibovu, anafanya nini? Anampigia fundi. Fundi naye anamwambia: niambie inaandika nini. Anaisoma herufi moja moja. Fundi yuko juu ya pikipiki. Mazungumzo hayo ndiyo mawasiliano halisi kati ya binadamu na kitu kilichounganishwa, huku kwetu, na yanafanyika kila wiki.

Nikimweka mama huyo kwenye miwani, naona faida mbili za kweli. Ya kwanza ni mikono. Anapopima mayai kwa tochi, mkono mmoja umeshika yai na mwingine umeshika taa. Hawezi kushika simu, wala hatakiwi kuishika kwa vidole vilivyogusa kinyesi cha kuku. Miwani ingemhesabia yaliyo hai na yaliyokufa huku akiendelea na kazi. Hali ni ile ile kwenye mashine ya kukamua alizeti: mikono ina mafuta na mashudu, mota inanguruma, na anayeendesha anahitaji kujua joto la beringi bila kugusa kitu. Mafundi wa nyaya wa Boeing nao walikuwa hivyo, mikono imeshikwa na kazi. Faida ya pili ni kwamba fundi aliye mbali angeona anachokiona mama, badala ya kusomewa herufi kwenye simu.

Lakini faida inaishia kwenye mlango wa chumba cha mashine. Miwani inakusaidia kwa kitu unachokitazama. Umeme ukikatika saa nane usiku, au mama akiwa shambani anapalilia, hakuna macho yanayoitazama kontrola. Hapo kinachookoa mayai ni meseji ya kawaida kwenye simu ya kitochi: joto limeshuka, nenda. Teknolojia hiyo ipo, gharama yake ni laini ya simu na kifaa kidogo ndani ya kisanduku, na fundi aliyesomea umeme kwenye chuo cha ufundi cha VETA akielekezwa anaweza kuifunga. Nikiambiwa nichague pa kuweka shilingi ya kwanza, naiweka kwenye meseji hiyo. Wanaotangaza miwani wanaisahau sehemu hii kwa sababu nyumba wanazozifikiria zina umeme usiokatika na mwenye nyumba yuko sebuleni.

Kuna miwani nyingine ambayo lazima niitaje, kwa sababu naona imesahaulika kabisa katika shamrashamra hizi. Utafiti uliofanywa vijijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri, na waliokuwa na miwani ya kusomea walikuwa wachache mno. Tatizo hilo halina dawa ya ajabu. Ni lenzi mbili za bei nafuu. Mtu wa miaka 50 asiyeweza kupitisha uzi kwenye sindano, asiyeona tarakimu kwenye vocha, asiyetofautisha 3 na 8 kwenye meseji ya tokeni, hajashindwa na teknolojia. Anahitaji miwani ya kusomea, na zahanati yake haina. Serikali au kampuni yoyote itakayokuja Unyambwa na miwani yenye kamera kabla ya kuhakikisha kila mzee ana miwani ya kusomea itakuwa imeruka hatua ambayo ingebadilisha maisha ya wengi zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Kwa asiyeona kabisa, au asiyejua kusoma, hesabu inabadilika. Huyo maandishi mbele ya jicho hayamfai. Sauti ndiyo inayomfaa. Hata kwa anayeona, jua la Singida na vumbi la Agosti si rafiki wa kioo cha maandishi. Nadhani sehemu ya miwani janja itakayodumu huku ni spika na maikrofoni: kuuliza na kujibiwa. Na hapo lugha inakuwa jambo la kwanza. Mozilla waliendesha mradi wa kukusanya sauti za Kiswahili, watu wakajitolea kusoma sentensi kwa lafudhi mbalimbali ili mashine zijifunze kutusikia. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa na inapaswa kuendelezwa na vyuo vyetu wenyewe, pamoja na lafudhi ya bibi wa Kinyaturu ambaye Kiswahili chake kina mapigo ya lugha yake, Kirimi. Mashine inayosikia Kiswahili cha redioni tu itamrudisha bibi huyo pale pale, kumwita mtu amsemee.

Miwani ikitambua kitu, imefundishwa na watu, na baadhi ya watu wa kazi hiyo ni jirani zetu. Kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi, kwa miaka mingi imeajiri vijana wa kuweka majina kwenye picha na maandishi ili kompyuta zijifunze. Mwaka 2023 jarida la Time lilieleza kwamba baadhi yao walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI. Mikono ya Afrika Mashariki imefundisha mashine kutambua taa za barabarani za miji ya ng'ambo. Sijaona dalili kwamba kuna aliyelipwa kuifundisha kutambua bomba la Babati, kontrola ya mayai ya Singida au aina zote za mita zilizofungwa kwenye kuta zetu. Vijana wenye ujuzi huo wapo nchi jirani. Wakipewa kazi hiyo kwa malipo ya haki, na kwa vitu vyetu, itafanyika vizuri.

Suala la kamera nitalisema kwa ufupi kwa sababu halina utata kwangu. Miwani inayotazama mita inamtazama pia aliyesimama karibu na mita. Kisimani kuna watoto wanaooga, msibani kuna watu wanaolia, kliniki kuna akina mama wanaonyonyesha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inamgusa anayekusanya taarifa, hata zikiwa sura. Itamkwe bayana kwamba miwani yenye kamera imo, na kwamba mwenyekiti wa mtaa au mganga wa zahanati ana haki ya kumwambia mtu aivue. Kwa watu wetu adabu inatosha kulielewa jambo hili; sheria inahitajika kwa ajili ya atakayekuja kutupiga picha bila kujitambulisha.

Lililobaki ni gumu zaidi, nalo lina muda maalumu. Mita janja zimeanza kuletwa nchini, zinazopokea umeme ulionunuliwa bila mtu kubonyeza tarakimu hata moja. Nafurahi. Mateso ya tarakimu 20 yataisha, na mzee wa Unyambwa atalipa kwa simu na taa itawaka. Lakini mita hiyo itajua zaidi kuliko ile ya zamani: saa unayowasha jiko, siku ambazo nyumba haina mtu, usiku ambao mashine ya mayai imezimika. Taarifa hizo zitakwenda kwa msambazaji wa umeme. Zije pia kwa mwenye nyumba, moja kwa moja kutoka kwenye mita, kwa mawimbi yanayofika umbali wa chumba, bila kupita Dar es Salaam kwanza. Mita iwe na mlango wa karibu ambao simu yoyote, na siku moja miwani yoyote, inaweza kuugonga na kuuliza maswali ya kawaida: zimebaki uniti ngapi, leo nimetumia kiasi gani, mbona umezima. Mlango wa kusoma tu, ili asichezee mtu. Namna ya kuugonga iandikwe hadharani, ili kijana wa Singida aweze kutengeneza programu ya kumsomea bibi yake kwa sauti bila kuomba ruhusa kiwandani.

Hayo yote ni maneno ya kwenye hati ya zabuni. Mtengenezaji anayetaka kuuza mita laki kadhaa ataweka chochote mnunuzi alichokiandika. Asipoandika, ataleta alichouza nchi nyingine, na kitakaa ukutani miaka 15 au 20. Hata leo namba fupi za kuulizia salio zinatofautiana kati ya mita ya kiwanda kimoja na kingine, hivi kwamba jirani hawezi kumfundisha jirani. Hilo ni kosa la kununua bila kudai. TANESCO wananunua mita, mamlaka za maji zinanunua mita za maji za malipo ya kabla, EWURA inasimamia wote wawili, na TBS inapitisha viwango. Wanne hao wakikaa meza moja wanaweza kuamua kwamba kuanzia zabuni ijayo kila mita ya umeme au maji itaandika na kutamka Kiswahili, itatumia namba fupi zile zile nchi nzima, itatoa akiba ya dharura mtandao ukikatika, na itamjibu anayeishi nayo. Kwa mitambo ya sola ya mkopo ningeongeza sharti moja: funguo za kukifungua kifaa zihifadhiwe kwa mtu wa tatu, ili kampuni ikifa mteja aliyemaliza kulipa asibaki na kisanduku bubu.

SIDO nao wana nafasi yao, maana ndio wanaowalea mafundi wa mashine ndogo. Fundi wa Singida anayeunda kitotoleshi akisaidiwa kupata kontrola ambayo maneno yake yanaweza kubadilishwa, ataandika "joto limezidi" mahali palipokuwa na herufi mbili, na ataweka laini ya simu ya kutuma meseji. Baraza la madiwani la manispaa, ambalo kata ya Unyambwa ina kiti chake, linaweza kuanza kwa kubandika misimbo ya mraba kwenye visima vyake vyote pamoja na majibu ya floridi, kwa bajeti ya mwaka mmoja. Na mita mpya, kabla hazijafungwa kwa maelfu, zipelekwe kwanza kwa watu wenye miaka 60 na zaidi wa kata kama hii, kila mmoja akabidhiwe yake nyumbani kwake kwa mwezi mzima, na watakachoshindwa kukifanya peke yao kiandikwe na kurudishwa kiwandani kikarekebishwe.